Lisbon: ziara ya siku moja huharibikia stesheni

Mhariri,

Safu za safari katika magazeti yetu zikifika Lisbon husema jambo lile lile: mji mkuu wa Ureno ni mzuri, na kandokando yake ipo miji midogo ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Hapo huishia. Sintra, Cascais, Óbidos na Fátima hutajwa kwa pumzi moja kama vituo vya daladala vinavyofuatana, na chini yake huwekwa picha ya jumba jekundu na manjano juu ya mlima. Msomaji anayekwenda kweli (na wapo wengi: mahujaji wa Kikatoliki kutoka Kenya na Tanzania, wanafunzi, wafanyabiashara, watu wanaotembelea jamaa zao Ulaya) hajaambiwa treni yake inatoka stesheni ipi, wala mlango wa anakokwenda hufungwa siku gani. Naomba safu hizo zianze kutaja mambo hayo. Na kwa kuwa si vizuri kuomba mikono mitupu, nayaweka hapa yale ambayo msafiri wa siku moja anayahitaji.

La kwanza ni kwamba Lisbon haina stesheni kuu moja. Treni za Sintra hutoka Rossio, katikati ya mji. Za Cascais hutoka Cais do Sodré, ukingoni mwa mto Tejo. Za Tomar huanzia Santa Apolónia na kupita Oriente. Za Évora hazigusi Santa Apolónia kabisa; hupandiwa Oriente, Entrecampos au Sete Rios. Za Setúbal huanzia Roma-Areeiro, hupita Entrecampos na Sete Rios, kisha huvuka mto juu ya daraja la 25 de Abril. Mabasi nayo yana yao: ya Fátima na Évora yapo stendi ya Sete Rios, ya Óbidos na Mafra yapo Campo Grande. Atakayemwambia dereva wa teksi "nipeleke stesheni" bila kutaja jina amekwisha kupoteza saa nzima.

Na hata jina lenyewe lina mtego. Stendi ya Sete Rios inafikiwa kwa metro, lakini kwenye ramani ya metro hakuna kituo kinachoitwa Sete Rios. Kinaitwa Jardim Zoológico, kwa sababu bustani ya wanyama ipo hapo hapo. Watu hukaa ndani ya metro wakisubiri jina ambalo halitaji mtu, huku stendi inawapita juu ya vichwa vyao.

Mtego mkubwa zaidi ni stesheni zilizopewa majina ya miji ambayo hazimo. Mahujaji waisome hii mara mbili. Ipo stesheni ya reli inayoitwa Fátima, na mtandao wa tiketi utakuuzia safari ya kwenda huko bila swali. Lakini stesheni ile ipo kama kilomita 20 kutoka patakatifu, mahali ambapo Wakatoliki wanaamini Bikira Maria aliwatokea watoto watatu wachungaji kuanzia Mei 13 hadi Oktoba 13, 1917. Ukishuka pale umeshuka kijijini. Njia sahihi ni basi kutoka Sete Rios, mwendo wa saa moja na nusu hivi, linalokushusha umbali wa kutembea kwa miguu kutoka uwanja wa hija. Tarehe 12 na 13 za kila mwezi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ni siku za umati, na maandamano ya mishumaa hufanyika usiku wa kuamkia tarehe 13. Anayetaka umati aende siku hizo, ila akate tiketi ya kwenda na ya kurudi mapema. Anayetaka kusali kwa utulivu achague tarehe nyingine.

Mafra ni hivyo hivyo. Jumba lake, lililoanza kujengwa 1717 kwa amri ya mfalme João wa Tano, lina maktaba ya vitabu kama 36,000, na humo wanaishi popo wadogo wanaotoka usiku kula wadudu ambao wangeila karatasi. Meza hufunikwa jioni kwa ajili ya kinyesi chao. Ni mahali pa kwenda, lakini usiende kwa treni, maana stesheni ya Mafra ipo kilomita kadhaa nje ya mji. Panda basi la Campo Grande, ambalo husimama karibu na jumba lenyewe. Óbidos, mji mdogo wenye ukuta, una stesheni chini ya ukuta wake, ila reli ile ni ya polepole mno, nalo basi la Campo Grande hufika kwa saa moja.

Sasa saa na siku, maana hapa Mswahili ana taabu zake ambazo Mzungu hana. Ratiba zote huandikwa kwa saa 24. Anayehesabu saa za Kiswahili aondoe sita: treni ya 10:15 ni ya saa nne na robo asubuhi, si ya saa kumi. Ukichoka au ukiwa na haraka, jicho husoma kumi na kichwa husema alasiri. Andika saa ya tiketi kwenye karatasi kwa Kiswahili siku moja kabla, ukiwa umetulia. Kumbuka pia kwamba saa ya Ureno ipo nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa mbili miezi ya joto na saa tatu miezi ya baridi. Jua la Juni huzama Lisbon kama saa tatu usiku kwa hesabu yetu. La Desemba huzama mnamo saa kumi na moja na robo jioni. Ziara iliyopangwa kwa mwanga wa Juni haiwezi kurudiwa Desemba kwa ratiba ile ile.

Siku za juma ni mtego mtamu zaidi. Kireno, kama Kiswahili, huzihesabu siku kwa namba, lakini wao huanza kuhesabu Jumapili na sisi huanza Jumamosi. Kwa hiyo segunda-feira, "ya pili", si Jumapili bali ni Jumatatu. Terça-feira, "ya tatu", si Jumatatu bali ni Jumanne. Quarta ni Jumatano. Tunakutana kwenye Alhamisi tu, maana quinta ni ya tano, na khamisi ya Kiarabu tuliyoichukua nayo ni ya tano. Sexta ni Ijumaa. Sábado na domingo hazina shida. Jambo hili lina uzito kwa sababu ya maneno yanayobandikwa milangoni: "encerrado à segunda-feira", yaani pamefungwa Jumatatu. Ndivyo yalivyo makumbusho mengi ya taifa. Jumba la Mafra hufungwa terça-feira, yaani Jumanne. Na chini ya ratiba ya basi ukiona "dias úteis", safari hiyo ni ya Jumatatu hadi Ijumaa tu. "Sábados, domingos e feriados" ni mwisho wa juma na sikukuu, ambapo safari hupungua.

Kuhusu nauli. Kwa safari za karibu, yaani Sintra, Cascais, Setúbal, metro, tramu na vivuko vya mtoni, kuna kadi ya karatasi ngumu iitwayo navegante. Kadi tupu huuzwa senti 50, kisha unaijaza. Kila mtu awe na yake; baba hawezi kugusisha kadi moja mara nne kwa ajili ya familia. Namna rahisi ni kuijaza pesa kwa mtindo unaoitwa zapping, nauli ikakatwa kila unapopita. Kosa la kawaida ni kujaza zapping, kisha kesho yake kutaka kuweka tiketi ya siku nzima kwenye kadi ile ile. Mashine hukataa, kwa kuwa kadi moja hubeba aina moja ya tiketi mpaka iishe. Dawa yake ni kununua kadi ya pili kwa senti 50. Kosa lingine ni kugusa wakati wa kuingia na kusahau wakati wa kutoka. Kwenye treni unagusa mara zote mbili, hata pale ambapo geti liko wazi.

Kadi hiyo haikufikishi Tomar wala Évora. Oriente utagusa kadi, treni ya Tomar itakuwa imesimama mbele yako, utapanda, na mkaguzi atakukuta huna tiketi. Tiketi za miji hiyo hukatwa dirishani au kwenye mtandao wa shirika la reli. Treni ya Tomar, inayoitwa Regional, haina namba ya kiti. Ya Évora, inayoitwa Intercidades, ina namba ya behewa na ya kiti, na ukiikata siku kadhaa kabla bei hushuka sana. Wazee wa miaka 65 na zaidi hulipa nusu kwa kuonyesha pasipoti. Hawaulizwi uraia wao. Watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu pia. Mama zetu wengi hulipa nauli kamili kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Yapo maneno mawili ya Kireno ya kuyajua kwenye ubao wa stesheni: "suprimido", treni imefutwa, na "greve", mgomo. Migomo ya reli Ureno si jambo la nadra, lakini hutangazwa kabla. Jioni ya kabla ya safari fungua mtandao wa shirika la reli uangalie. Ukikuta mgomo, basi la Sete Rios ndilo kimbilio, na wenzako nao watakuwa wamelikimbilia, hivyo kata usiku ule ule.

Sintra sitaieleza kwa kirefu kwa kuwa imeelezwa na kila mtu, ila jambo moja halisemwi. Tiketi ya jumba la Pena ina saa, na saa ile ni ya mlango wa jumba, si ya geti la bustani. Kutoka getini hadi mlangoni ni mlima wa dakika kama 30 kwa miguu. Mtu mwenye tiketi ya 11:00 akifika getini 10:50 anaona amewahi, kumbe amechelewa, na mlangoni hawabembelezeki. Kutoka stesheni ya Sintra hadi getini kuna basi namba 434, lenye foleni ndefu kuanzia saa nne asubuhi. Kwa hiyo ondoka Rossio mapema. Mwendo ni dakika 40. Kuna vile vigari vya magurudumu matatu, bajaji hasa, na bei yake patana kabla ya kupanda. Chukua sweta hata Agosti, kwa sababu mlima ule huvuta ukungu wa bahari wakati Lisbon inaungua kwa jua. Cascais ni ufukwe na hewa. Keti upande wa kushoto ukitoka Lisbon uyaone maji. Óbidos inatosha kwa nusu siku, na ukuta wake unaopandwa na watalii hauna kizuizi upande wa ndani, basi watoto washikwe mikono.

Mtu wa pwani ningempeleka Setúbal kabla ya hiyo yote. Ni mji wa wavuvi, mwendo wa saa moja, na watalii wengi hawaufiki. Ukipanda, soma jina la mwisho wa safari kwenye ubao: liwe Setúbal, kwa kuwa zimekuwapo treni za njia ile zinazoishia Coina. Kutoka stesheni tembea robo saa hadi soko la Livramento lililopo barabara ya Luísa Todi. Fika kabla ya adhuhuri, maana ni soko la asubuhi, na Jumatatu hakuna samaki. Ukuta wa mwisho wa soko umefunikwa kwa vigae vya bluu na nyeupe vinavyoonyesha kazi za wenyeji, na chini yake zimepangwa meza za mawe zenye dagaa wakubwa wa sardinha, samaki wa upanga, kamba na dome. Dome ndiye mfalme wa mji. Huitwa choco frito: hukatwa vipande vinene kama vidole viwili, huviringishwa kwenye unga na kukaangwa mpaka ukoko ukauke, nyama ya ndani ikibaki laini. Huliwa na limau na viazi vya kukaanga. Anayejua dome wa Malindi au Tanga atashangaa jinsi asivyovutika kama mpira. Siri ni unene wa kipande na wanyama wenyewe kuwa wakubwa.

Ukiketi mkahawani, mwenye mkahawa ataleta mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza. Hiyo inaitwa couvert, na si zawadi. Usipogusa hulipi; ukionja zeituni moja umeshanunua sahani. Mwambie airudishe, hatachukia. Chakula cha bei nafuu huandikwa "prato do dia". Na Mwislamu ajue kwamba nguruwe hujificha: supu ya kijani ya caldo verde huwekwa kipande cha soseji, na baadhi ya vitafunio vitamu vya mkoa wa Alentejo hutiwa mafuta ya nguruwe. Neno la kuuliza ni banha. "Tem banha?" Ukijibiwa "tem", weka chini. Samaki wa kuchoma hana wasiwasi, naye ni mzuri kuliko vyote. Lugha itakusaidia kidogo hapo mezani, kwani meza ni mesa, kopo ni copo, na mvinyo usioutaka ni vinho. Maneno hayo tulibaki nayo Wareno walipoondoka.

Kurudi kutoka Setúbal usipande treni uliyojia. Ipo nyingine, ya shirika la reli la taifa, inayokwenda Barreiro kwa nusu saa. Ikishafika unatembea hatua chache hadi kwenye kivuko, na dakika 20 baadaye unashuka Terreiro do Paço, uwanja wa kifalme wa Lisbon, ukiwa umeuingia mji kwa maji kama ulivyojengwa uingiwe.

Évora ni safari ya mtu anayependa mawe ya kale. Treni huchukua saa moja na nusu, lakini kwa siku ni chache, kiasi cha nne hivi kila upande. Kwa hiyo anza kupanga kwa treni ya kurudi, ndipo uje kwenye ya kwenda. Mabasi ni mengi zaidi, na unaweza kwenda kwa treni ukarudi kwa basi. Miezi ya Julai na Agosti joto la nyanda za Alentejo huweza kupita digrii 40, na ni joto kavu lisilo na upepo wa bahari. Sisi tuliozoea jua tunalidharau, kisha tunaanguka. Tembea hadi saa sita, ingia kivulini mpaka saa kumi.

Dirishani mwa treni kuna jambo la kutazama kwa karibu. Baada ya kuvuka mto na kuacha vitongoji, pande zote kuna mialoni ya kizibo, ile ambayo gome lake hukatwa vizibo vya chupa, na kila shina limevuliwa gome kutoka chini hadi kwenye matawi, likabaki na rangi ya udongo mwekundu. Juu ya shina kumepakwa namba moja kwa rangi nyeupe. Hiyo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka uliovunwa: 4 ni 2024. Gome haliruhusiwi kuvuliwa tena mpaka miaka 9 ipite, na mti mchanga husubiri kama miaka 25 kabla ya kuguswa mara ya kwanza. Mavuno huwa miezi ya joto, kwa shoka, kazi ya mikono ya watu wawili wawili, kwani shoka likizama kupita gome mti hujeruhiwa.

Mjini kwenyewe tembea kutoka stesheni robo saa hadi uwanja wa Giraldo. Hekalu la Kirumi limebaki na nguzo 14 kwa sababu ya bahati: karne nyingi lilizibwa kwa ukuta na kutumiwa kama bucha, hadi 1836. Katika kanisa la São Francisco kuna chumba ambacho kuta na nguzo zake zimepangwa mifupa ya watu, na juu ya mlango pameandikwa kwamba sisi mifupa tuliopo hapa tunaisubiri yenu. Watoto wadogo wasiingizwe. Ukimaliza, tafuta mtaa wa Cano, mahali ambapo mfereji wa maji wa karne ya 16 unashuka kuingia mjini na wenyeji wamejenga nyumba na maduka ndani ya matao yake.

Nimeiacha Tomar nyuma kwa kuwa ndiyo ninayoitetea. Ikiwa msomaji wa Kilwa, Malindi au Mombasa ana siku moja tu ya kutoka Lisbon, aende huko. Treni hutoka Santa Apolónia takriban kila saa na huchukua saa mbili hivi. Keti kulia, mto Tejo utafuatana nawe mpaka karibu na Santarém. Sikiliza tangazo linalotaja Entroncamento, makutano makubwa ya reli, kwa sababu safari nyingine humtaka abiria abadilishe treni hapo au Lamarosa, na asiyejua huendelea na safari ya kuelekea kusikokuwa kwake. Tomar yenyewe ni mwisho wa reli, hakuna kuupita. Kutoka stesheni hadi ngomeni ni dakika 25, nusu yake mlima wenye mawe ya kuteleza. Vaa viatu vyenye soli ya mpira. Huko juu hufungwa 17:30 miezi ya baridi na 18:30 miezi ya joto, na kuingia husimamishwa kabla ya hapo. Toka Lisbon saa mbili asubuhi, tenga saa mbili na nusu za ngome, kisha ushuke ule mjini.

Ngome ile ilianzishwa 1160 na mashujaa wa msalaba waliojulikana kama Templari. Chama chao kilipovunjwa 1312, mfalme wa Ureno alikiumba upya 1319 kwa jina la Chama cha Kristo, na mali yakahamia huko. Mwanamfalme Henrique alikuwa msimamizi wake kuanzia 1420, na mapato yake yaliendesha safari za majini kushuka pwani ya Afrika. Msalaba mwekundu wa chama hicho ndio uliochorwa kwenye matanga ya merikebu za Vasco da Gama zilizotia nanga Malindi 1498. Nguzo ya Malindi bado ipo, na msalaba uliopo juu yake umechongwa kwa jiwe la chokaa lililotoka Lisbon. Watoto wetu huusoma mwisho wa habari hiyo shuleni. Mwanzo wake upo Tomar, na tiketi ya kuufikia inauzwa dirishani.

Humo ndani watu hutembea chumba hata chumba na kutoka bila kuona kilicho kikubwa. Ni dirisha. Lilichongwa kati ya 1510 na 1513, na huwezi kuliona ukiwa ndani ya kanisa, kwa kuwa limechongwa upande wa nje. Shuka hadi ua mdogo wa Santa Bárbara, ugeuke utazame ukutani. Jiwe lote limekuwa bahari: kamba za merikebu zilizosokotwa na kufungwa mafundo, minyororo, mwani, na matumbawe. Jamaa wa pwani, ambaye nyumba za babu zake ni za matumbawe yenyewe, atayatambua kabla ya kuambiwa. Juu kabisa umekaa msalaba wa chama, na pembeni tufe za kupimia nyota, alama ya mfalme Manuel. Usikimbie hapo. Fundo moja la kamba upande wa chini limefungwa sawasawa kiasi kwamba baharia angeweza kulifungua.

Ukishuka mjini, ingia sinagogi ya karne ya 15, chumba kidogo chenye nguzo nne. Kwenye pembe za juu utaona matundu. Ndani yake vimezikwa vyungu vya udongo vilivyopinduliwa ili sauti ya anayesali ivume. Mfalme yule yule Manuel alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi 1496, na chumba kikabaki bila wenyewe.

Jina hilo la Manuel ndilo linaloniongoza kwenye ombi la mwisho kwa msafiri: kabla au baada ya Tomar, tenga saa mbili Lisbon kwenyewe kwa Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Shuka Santos, kituo cha kwanza cha treni ya Cascais, upande ngazi. Segunda-feira pamefungwa. Ulizia Custódia de Belém. Ni chombo cha dhahabu cha ibada, hakifiki mita moja kwa kimo, na ndani yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Vasco da Gama aliporudi na merikebu zake 1502 alimtisha Amiri Ibrahim wa Kilwa mpaka akakubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon 1503, na 1506 chombo kikamalizika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1505, Kilwa yenyewe ilikuwa imeshavamiwa na kuporwa. Hakuna haja ya mwongozaji kukusimulia haya, kwani waliochukua waliandika wenyewe. Inama usome maandishi yanayozunguka ukingo wa kitako: mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Herufi ni za zamani, V imewekwa mahali pa U, na jina limeandikwa QILVA.

Msomaji wenu,
Mvita, Mombasa